Mawimbi ya Mshtuko na Maumivu ya Kisigino cha Kwato: Hotuba kwa Wafugaji wa Punda na Farasi, Tanga

Ndugu Mwenyekiti, madaktari wenzangu wa mifugo, maafisa ugani mliotoka Handeni, Kilindi, Muheza na Pangani, wanafunzi wetu wa chuo cha mifugo cha Buhuri, wazee wangu wenye punda na vijana mnaoendesha mikokoteni: shikamooni kwa wanaostahiki shikamoo, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie tiba ya mawimbi ya mshtuko kwa maumivu ya kisigino cha farasi, na huenda wapo wanaojiuliza tiba hiyo inatuhusu nini sisi, katika mkoa ambao farasi ni wa kuhesabika na kazi yote ya kubeba maji, mchanga na mahindi imo migongoni mwa punda. Jibu nilipewa na mwenye mkokoteni mmoja wa Pongwe. Mama yake alikuwa na maumivu ya kisigino yasiyoisha, akatibiwa hospitalini kwa mashine inayogonga gonga mguuni, akapata nafuu. Naye akaniuliza kama punda wake anayechechemea hawezi kupelekwa kwenye mashine kama ile. Ni swali la mtu anayemjali mnyama wake, na linastahili jibu kamili. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba tiba hiyo ipo kwa wanyama wa jamii hii na ina nafasi yake, lakini nafasi hiyo huja baada ya kujua kwa hakika ni wapi panapouma na baada ya kuirekebisha kwato yenyewe. Ikitangulizwa, yaweza kumnyamazisha mnyama badala ya kumponya.

Tuanze na mguu. Farasi na punda hawakanyagi kwa unyayo kama sisi. Husimama juu ya ncha ya kidole kimoja tu, kile cha kati, na kwato ni ukucha wa kidole hicho ulioizunguka ncha yake yote. Mfupa ambao kwa binadamu ndio kisigino, kwa farasi uko juu, katikati ya mguu wa nyuma, pale kiungo kinapochongoka kuelekea nyuma. Kwa hiyo tunaposema kisigino cha kwato, tunakusudia zile nundu mbili laini zilizo nyuma ya kwato, na maumivu yake si yale yale aliyokuwa nayo mama wa ndugu yetu wa Pongwe, ingawa jina ni moja na mashine zinafanana. Maumivu haya huipata zaidi miguu ya mbele, ambayo hubeba kiasi cha asilimia 60 ya uzito wa mnyama, na mara nyingi huishika yote miwili, hata kama mmoja ndio unaoonekana kuwa mbovu.

Ndani ya sehemu hiyo ya nyuma umelala mfupa mdogo wenye umbo la kidau, ambao madaktari huuita navikula. Nyuma yake hupita kano nene inayokunja mguu. Inatoka kwenye misuli iliyo juu ya goti, inashuka nyuma ya mguu mzima, inaupitia mfupa huo mdogo na kwenda kujishikiza chini ya mfupa mkuu wa kwato. Kati ya kano na mfupa kuna kifuko chembamba chenye ute ili vitu hivi viwili visilane. Kuna pia ligamenti zinazoushikilia mfupa mahali pake, na chini yake kuna tabaka la nyuzi na mafuta linalopokea kishindo cha kila hatua. Mnyama anapotembea, kano hukazika na kuukandamiza mfupa wa navikula, na mkandamizo huwa mkubwa zaidi karibu na mwisho wa hatua, kisigino kinapotaka kunyanyuka. Sasa fikirieni kwato iliyoachwa mbele ikarefuka na nyuma ikalala. Mguu huchelewa kuinuka, kano hukaa imevutika kupita kiasi, na mfupa hukandamizwa zaidi kwa kila hatua, kuanzia alfajiri ya safari ya maji mpaka jioni mzigo unaposhushwa.

Kinachouma hapo chaweza kuwa mfupa wenyewe, au uso wa kano, au kifuko cha ute, au ligamenti, au vyote kwa pamoja. Zamani yote haya yalitupwa katika kapu la ugonjwa wa navikula. Siku hizi, hasa tangu picha za MRI zilipoanza kuonyesha tishu laini ambazo eksirei haizionyeshi, madaktari wengi husema tu maumivu ya sehemu ya nyuma ya kwato mpaka wajue ni kipi hasa kimeharibika. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu tiba inayoweza kusaidia ligamenti iliyochoka si lazima isaidie kano iliyochanika.

Nije kwenye mawimbi. Tiba hii haikuzaliwa zizini. Ilianzia Ujerumani, katika kampuni ya ndege ya Dornier, ambako wahandisi walikuwa wakichunguza jinsi mawimbi ya mshtuko yanavyoathiri vitu yanavyopitia. Madaktari wa mji wa Munich waliitumia elimu hiyo kuvunja mawe ya figo bila kupasua, na mgonjwa wa kwanza alitibiwa hivyo mwezi Februari 1980. Baadaye ilionekana kwamba mifupa iliyopitiwa na mawimbi ilikuwa inaitikia kwa namna yake, na kuanzia hapo wataalamu wakayajaribu kwenye mifupa iliyovunjika na kukataa kuunga, kwenye mabega na kwenye visigino vya watu. Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza kwa maumivu ya kisigino cha binadamu mwaka 2000. Kwa farasi, matumizi yalianza Ulaya katika miaka ya mwisho ya 1990, kwanza kwenye ligamenti za mguu zinazoumia kwa mbio na kuruka, kisha kwenye kisigino cha kwato.

Wimbi la mshtuko ni wimbi la shinikizo, jamaa wa sauti. Hakuna umeme unaoingia mwilini mwa mnyama, na nalisema hili wazi kwa sababu nimeshasikia watu wakiogopa kwamba farasi atapigwa shoti. Shinikizo hupanda ghafla kwa muda unaopimwa kwa sehemu za bilioni za sekunde, kisha hushuka. Wimbi hupita kwa urahisi kwenye nyama na majimaji. Linapofika mahali ambapo tishu ya aina moja inakutana na ya aina nyingine, kwa mfano ligamenti inaposhikana na mfupa, huacha hapo sehemu ya nguvu zake. Likikutana na hewa, karibu lote hurudi lilikotoka, na ndiyo sababu nywele hunyolewa na jeli hupakwa ili kusiwe na nafasi ya hewa kati ya kichwa cha mashine na ngozi. Wala haliendi kusaga mfupa. Nguvu inayotumika kwenye mguu ni ndogo kuliko ile ya kuvunja jiwe la figo, na lengo ni kuziamsha chembe hai zilizo pale zitoe ishara za ukarabati, mishipa midogo ya damu iote na tishu iliyodumaa ianze upya kujijenga. Majaribio ya wanyama yameonyesha mambo hayo yakitokea. Ni kwa kiasi gani yanatokea ndani ya kwato, jambo hilo bado linajadiliwa.

Mashine zenyewe ziko za aina mbili. Moja hukusanya mawimbi mahali pamoja ndani ya mwili, kwa kina kinachochaguliwa na daktari. Nyingine hutumia hewa iliyobanwa kurusha kipande cha chuma ndani ya bomba, kikagonga kichwa cha mashine na kutoa mapigo yanayotawanyika na kupungua nguvu kadiri yanavyoingia ndani. Hii ya pili ni ya bei nafuu zaidi na ndiyo mara nyingi mtaikuta katika vyumba vya tiba ya viungo. Mfupa wa navikula umejificha ndani kabisa, umezungukwa na ukucha mgumu, kwa hiyo mashine inayofaa msuli ulio chini ya ngozi si lazima iufikie.

Nilishuhudia tiba hii nilipokuwa masomoni, kwa farasi wa kahawia aliyekuwa ameacha kuruka. Usiku wa kuamkia siku ya tiba kwato zake za mbele zilifungwa vitambaa vilivyoloweshwa na kuzungushiwa plastiki, kwa kuwa ukucha mkavu hulizuia wimbi. Asubuhi mtaalamu wa kwato alipunguza kwa kisu ile sehemu ya unyayo iliyo laini, yenye umbo la pembe tatu, mpaka ikabonyea chini ya kidole gumba. Nywele za bondeni, katikati ya nundu mbili za kisigino, zikanyolewa. Farasi akachomwa dawa ya kutuliza. Kichwa kikashuka taratibu mpaka mdomo wa chini ukaning'inia, akabaki amesimama. Jeli ikapakwa, kichwa cha mashine kikawekwa, na sauti kavu ya mapigo ikaanza, pigo baada ya pigo, huku daktari akigeuza pembe kidogo kidogo kuutafuta mfupa kwa kupitia milango hiyo miwili, ule wa unyayoni na ule wa nyuma. Kwa kawaida mguu mmoja hupata mapigo 1,000 hadi 2,000, na tiba hurudiwa mara 2 au 3 kwa nafasi ya wiki 2 hadi 3. Kilichonishangaza ni wepesi wa kazi yenyewe ukilinganisha na maandalizi. Saa nyingi zaidi zilikuwa zimetumika kumpima yule farasi, kumwendesha kwenye duara, kumpiga eksirei na kuichonga kwato yake.

Je, inaponya? Hapa naomba utulivu wenu, maana ndipo wauzaji wa mashine hupita haraka. Kwa ligamenti ya juu ya mguu wa farasi, ushahidi ni mzuri kiasi cha kutosha. Kwa kisigino cha kwato, matokeo yamepishana: wapo madaktari walioripoti kwamba farasi wengi walipungua kuchechemea, na zipo tafiti zilizopima mwendo na zisione tofauti yenye maana. Tena, farasi aliyefanyiwa tiba hii karibu kila mara huwa amechongwa kwato, amebadilishiwa viatu na kupumzishwa kwa wiki kadhaa. Akipata nafuu, sifa apewe nani? Mimi, kwa niliyoyaona na kuyasoma, naamini sehemu kubwa ya nafuu hiyo ni ya kisu, tupa na mapumziko, na mawimbi huongeza kitu kwa wanyama ambao hayo peke yake hayakuwatosha. Huo ni uamuzi wangu, na daktari mwenzangu anaweza kuwa na wake.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa faida. Mawimbi haya yanaweza kupunguza hisia ya maumivu kwa siku chache baada ya tiba, kabla kitu chochote hakijapona. Mnyama hutoka akitembea vizuri kuliko alivyoingia, mwenye mali akafurahi na kumrudisha kazini. Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi, FEI, limekataza tiba hii katika siku 5 kabla ya mashindano, na wasimamizi wa mbio za farasi katika nchi mbalimbali wana makatazo yao, kwa sababu farasi asiyesikia maumivu hukimbia juu ya mguu unaovunjika. Ndivyo ilivyo pia kwa upasuaji wa kukata neva za nyuma ya mguu, ambao umetumika kwa miaka mingi kama tegemeo la mwisho: kwato hufa ganzi, mnyama hutembea, na katika baadhi yao kano iliyokuwa imedhoofika hukatika kabisa kwa kuwa hakuna kilichomwambia mnyama apunguze mwendo.

Sasa mchukueni punda wetu mumweke mahali pa farasi huyo. Farasi wa mashindano ana daktari, ana mtunzaji, ana sheria inayomlinda asiingie uwanjani. Punda wa mkokoteni ana mwenye mzigo anayemsubiri. Tumekua tukisema punda afe mzigo ufike, na wapo wanaoishi kwa msemo huo kana kwamba ni amri, ilhali Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inatutaka kinyume chake. Zaidi ya hapo, punda kwa maumbile yake huficha maumivu. Farasi mwenye kisigino kibovu atachechemea wazi. Punda atapunguza hatua tu, nasi tutasema ni mvivu. Tunasema pia kwamba asante ya punda ni mateke, lakini mimi nimeinua miguu mingi ya punda waliosemwa kuwa wakorofi na nikakuta kwato inayouma kwa kuguswa tu. Mnyama kama huyo ukimwondolea hata ile sauti ndogo ya maumivu aliyobaki nayo, hana tena njia ya kukuambia.

Basi mtazameni akiwa amesimama. Nendeni kijiweni anapopumzishwa, msimame mbali kidogo, msiongee naye. Mwenye maumivu ya kisigino hupeleka mguu mmoja wa mbele mbele ya mwenzake na kuupunguzia uzito. Baada ya muda hubadilisha, akaupeleka ule mwingine. Akitembea, hukanyaga kwa ncha kwanza ili kisigino kisipokee kishindo, kwa hiyo ncha ya kwato hulika na hatua huwa fupi na za kukokota. Mgeuzeni kwenye duara finyu juu ya ardhi ngumu, na mguu ulio upande wa ndani ndio utakaolalamika zaidi. Nimemwona mmoja, jike la kijivu, ambaye mwenyewe aliapa kwamba si mgonjwa. Alikuwa akigeuka kwa kuinua kichwa juu kila mguu wa kushoto ulipogusa lami, na kwato yake ya mbele ilikuwa ndefu kiasi kwamba ncha ilianza kupinda juu.

Hata hivyo, si kila punda anayechechemea ana ugonjwa wa kisigino. Aliyelala mzima na kuamka hawezi kukanyaga kabisa, huyo kwanza mtafuteni msumari, kokoto au usaha ndani ya kwato. Mguu wenye usaha au maambukizi haupigwi mawimbi. Na daktari akishashuku kisigino, hatakiwi kuridhika na macho. Atabana kwato kwa koleo ya kupimia, atachoma ganzi kwenye neva mbili za nyuma ya mguu, kisha atamwendesha tena. Kuchechemea kukiisha, au kukihamia mguu wa pili, tumepata mahali. Ganzi ni ya bei ndogo na inaweza kuchomwa kijijini, chini ya mwembe. Eksirei hufuata, nayo isomwe kwa tahadhari, kwa kuwa wapo wanyama wenye picha mbaya wasiochechemea, na wapo wanaochechemea wenye picha safi.

Baada ya hapo ni kazi ya kisu na tupa. Ukucha wa kwato hukua kiasi cha milimita 8 hadi 10 kwa mwezi, na ukuta wa mbele huchukua karibu mwaka mzima kujibadilisha kutoka juu hadi chini. Kwa hiyo kwato iliyoharibiwa kwa miaka haitengenezwi kwa mchongo mmoja. Anayekata kingi siku moja humtia mnyama kilema kipya. Ncha irudishwe nyuma kidogo kidogo, kisigino kiachwe kipate kimo, na mnyama aonekane na mtaalamu kila wiki 6 hadi 8. Msimu wa masika, alale mahali pakavu, maana ukucha wa punda hunyonya maji upesi na kuoza. Mzigo upunguzwe katika miezi ya kwanza. Dawa za maumivu zitolewe na daktari, na hapa nawakumbusha wenzangu kwamba mwili wa punda huondoa fenilbutazoni, moja ya dawa hizo, upesi kuliko wa farasi, hivyo ratiba ya farasi haimfai.

Nimeulizwa na baadhi ya viongozi kama mkoa ungefanya vyema kutafuta mashine ya mawimbi kwa ajili ya wanyama. Kwa heshima zote, nasema bado. Fedha hizo zikipatikana leo, ningeomba zinunue tupa, visu na koleo kwa kila kata yenye punda, ziwafundishe vijana wawili au watatu katika kila moja kuchonga kwato, na zituletee eksirei ya kubebeka. Mnyama ambaye amepimwa kwa ganzi, akachongwa kwa miezi sita, akapumzishwa na bado anachechemea, huyo daktari wake awaulize wenzetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na hapo tiba ya mawimbi inaweza kujadiliwa pamoja na nyingine. Nami nitakuwa wa kwanza kuiunga mkono, kwa sharti kwamba mwenye mnyama akubali kutomfunga mkokoteni kwa kipindi chote daktari atakachoagiza, hata akimwona anatembea kama mzima.

Kwa ndugu yangu wa Pongwe, ambaye najua yumo humu, punda wako nimeshamwangalia asubuhi kabla hatujaanza. Kwato zake za mbele ni ndefu mno na nyuma zimelala. Hajachongwa, wala hajapimwa kwa ganzi. Tutoke sasa nje, tumshike, wanafunzi wa Buhuri wainue mguu mmoja mmoja, nami nitawaonyesha pa kuanzia kukata na pa kuishia.